"Jisaidie nami nikusaidie" haimo kwenye Biblia

Hii sentensi tumeisikia tangu Sunday school, na mtu anaitamka kwa uhakika kabisa "Biblia inasema, jisaidie nami nikusaidie". Jamani, haipo, pekua Mwanzo mpaka Ufunuo hutaikuta. Wazo lenyewe ni la zamani sana, limo kwenye ngano za Aesop wa Ugiriki, yule mwenye mkokoteni uliokwama matopeni anamlilia Hercules, shujaa wao mwenye nguvu kama mungu, anaambiwa kwanza sukuma gurudumu, halafu Benjamin Franklin wa Marekani akaliandika tena mwaka 1736.

Biblia yenyewe inaanzia pengine kabisa. Warumi 5:6 inasema "hapo tulipokuwa hatuna nguvu" Kristo alikufa kwa ajili ya waovu, yaani msaada ulikuja wakati hatuna hata pa kuanzia.

Sasa utaulizwa, je uvivu? Kweli Paulo kasema asiyefanya kazi asile, 2 Wathesalonike 3:10, ila soma taratibu, ni mtu "hataki" kufanya kazi, hakusema hawezi. Hapo ndo tunapoumizana. Mama anaumwa, amelala kitandani mwezi wa tatu sasa, kodi inadaiwa, anakuja mtu wa kanisani anamwambia jisaidie kwanza, na yule mama anaamini ni Mungu ndo kasema hivyo, anaacha hata kuomba. Ukienda kumwona mtu kama huyo msomee Zaburi 34:18, Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, halafu muulize ndani kuna unga?