Hakuna aliyeyaficha maji ya Ghuba ya Chole

Wiki hii tena. Dada mmoja wa Dar anayetaka kuja kuzamia kaniandikia: "Kaka, tupo wanne, siku tatu, kila siku tuanze saa nne tukishakunywa chai." Nikamjibu siku ya kwanza saa nne, ya pili saa tano, ya tatu saa sita na kitu. Akaniuliza kama kuna Wazungu ninaowapa saa nzuri.

Hakuna. Kuna mwezi.

Mimi napeleka wageni kuzamia hapa Utende, kisiwani Mafia, kwenye Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, hilo kila mtu analijua. Kinachowashinda watu ni kwamba saa zenyewe zinasogea. Ukitafuta utaambiwa kila siku zinachelewa dakika 50. Huo ni wastani, na huo wastani ndio unaonigombanisha na wageni. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, uchelewaji ni kama nusu saa na kidogo; wakati wa maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, unapita saa nzima. Mgeni anajumlisha hamsini hamsini kwenye simu, kisha ananisuta kuwa nimechelewa.

Jambo la pili hawaliamini mpaka walione. Pwani yetu, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne. Yaani bamvu kubwa linakausha ufuo wakati ule ule mgeni anatoka na taulo begani. Anakuta matope, ngalawa zimelala ubavu, na kina mama wako mbali huko na vijiti wanachokoa pweza. "Maji mmeyapeleka wapi?" Wiki moja baadaye, maji mafu, saa nne hiyo hiyo bahari imejaa mpaka kwenye mikoko. Kina mama wanaijua ratiba hii bila simu.

Sasa mkondo. Kujaa na mkondo si kitu kimoja! Ghuba hii ina milango myembamba, mmojawapo ule wa Kinasi, na maji ya ndani hayalingani na ya nje papo hapo. Nje yameshaanza kupwa, mlangoni bado yanaingia. Tunazamia maji yakiingia kwa sababu mbili: yanakuja masafi kutoka bahari kuu, na ukichoka yanakusukuma ndani, si Bara Hindi. Yakitoka yanabeba matope ya ghuba nzima, huoni hata mapezi yako. Na saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kujaa ndizo zinazobeba karibu nusu ya maji yote, kwa hiyo sitaki mwanafunzi mlangoni saa hizo.

Nakiri, si hesabu tupu. Jedwali la kujaa na kupwa ninalotumia ni la bandari ya Dar, na upepo wa kusi ukikaza huwa nakosea hata nusu saa. Miaka ya mwanzo nililiamini jedwali, nikawashusha watu wawili maji yakiwa tayari yamegeuka. Tuliibuka mbali sana na mashua. Tangu siku ile nahodha hufunga chupa tupu kwenye kamba na kuitupa kwanza, tunaangalia inakoelekea. Wageni hucheka chupa ile.

Na papa potwe, yule papa mkubwa ambaye wageni humuulizia? Huyo yuko upande wa pili, Kilindoni, Oktoba hadi Machi, anafuata chakula chake. Siwezi kumwahidi mtu.

Dada amejibu jana: "Sawa kaka, nimekuelewa. Tunahamisha safari, tunakuja mwezi mpevu, hapo saa nne si itakuwa sawa?"