Je, wajua kwa nini shuka la bibi linaitwa marekani?

Kwenye sanduku la bati la bibi yangu, huku Kilolo mkoani Iringa, kuna shuka ambalo hutandikwa akija mgeni tu. Pindoni limedariziwa maua ya uzi mwekundu, na katikati unapita mshono kutoka kichwani hadi miguuni. Ukilisogeza dirishani unaona vitone vya kahawia ndani ya nyuzi. Hayo ni mabaki ya maganda ya mbegu za pamba, maana kitambaa hiki hakikupaushwa kiwandani. Weupe wake umetokana na sabuni na jua. Bibi haliiti shuka. Hulitaja kwa kitambaa chake: "Lete ile marekani yangu."

Jina hilo lilikuja na meli. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, wakawa wanashusha Unguja majora ya pamba nzito iliyofumwa kwao. Kilikuwa kitambaa kigumu, kisichochakaa upesi, na watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka.

Kurudi, meli hizo zilibeba pembe za ndovu na sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, huko huko Marekani, zikachongwa vibonye vya piano. Sehemu ya pembe zilizofika pwani ilitoka huku kwetu, Uhehe na Usangu, na zilishuka vichwani na mabegani mwa watu. Pamba nayo ilikuwa imelimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Nikilishika shuka lile laini, jambo hili huniuma: jasho la watu wa pande zote mbili za bahari limo katika biashara moja, na hawakuwahi kuonana.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikausha pamba hiyo. Nguo za Uingereza na India zikaziba pengo, lakini jina halikubadilika. Kwa hiyo marekani ya bibi huenda haijawahi hata kuiona Marekani.

Lakini kwangu mimi utamu wa habari hii uko kwenye neno shuka lenyewe. Zama za misafara, shuka halikuwa la kitandani. Lilikuwa kipimo: mikono minne ya nguo, kila mkono ukihesabiwa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Shuka mbili ni doti, neno ambalo bado tunalitumia dukani tukinunua kanga. Na kipimo hicho kilikuwa fedha. Wapagazi walilipwa kwa nguo, chakula cha njiani kilinunuliwa kwa nguo, na mtemi aliyemiliki njia alipewa nguo ndipo msafara upite. Malipo hayo ya kupita yaliitwa hongo, nayo yalikuwa ya wazi kabisa, yanajadiliwa mchana kweupe. Maana ya kificho tunayoijua leo ilikuja baadaye.

Juzi nililitandaza shuka la bibi mkekani nikalipima kwa mkono wangu. Urefu ulitoka mikono minne na vidole viwili. Na ule mshono wa katikati unaunganisha vipande viwili vya urefu huo huo: doti moja kamili.