Kofia ya pili ya mwenyekiti wa halmashauri

Wiki iliyopita mwenyekiti mpya wa halmashauri moja alinipigia simu. "Shikamoo mama. Nimeletewa kabrasha la kikao cha ALAT mkoa, zito kama tofali. Nalisoma lote?" Nikamwambia aanze na yatokanayo, jedwali la maazimio ya vikao vilivyopita, hayo mengine yatamsubiri. Akacheka, akidhani namtania.

Nilikuwa simtanii. Nikiwa mwenyekiti wa halmashauri nilikaa miaka mitano kwenye vikao vya ALAT, jumuiya ya halmashauri, na mwaka wangu wa kwanza ulipotea bure kwa kuwa hakuna aliyeniambia kile ni chombo cha namna gani. Nilidhani ni Baraza la Madiwani, ila kubwa zaidi. Nikaenda nikakaa kama ninavyokaa nyumbani, nikisubiri kugonga meza na jambo lifanyike.

ALAT, yaani Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, ilianzishwa mwaka 1984, na mwaka huo una maana yake. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali ilizifuta halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Haikuchukua muda huduma za mijini zikazorota, uchafu ukarundikana, kipindupindu kikabisha hodi, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Za wilaya zilingoja sheria za 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, na zikaanza kazi 1984. Waliounda jumuiya walikuwa watu walioshuhudia halmashauri zikifutwa, wakajua halmashauri moja moja haina sauti. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini wazee wa chombo kile hukunja uso wanaposikia mwenyekiti akisema "sisi kwetu" mara tano ndani ya dakika tatu.

Huombi kuingia. Madiwani wenzako wakikuchagua meya au mwenyekiti, umeshakuwa mjumbe, na mkurugenzi wako anakaa kando yako. Hapa pana jambo ambalo halimo kwenye kabrasha lolote. Wewe umepigiwa kura. Mkurugenzi ameteuliwa na Rais, na mwajiri wake anasoma muhtasari. Hoja ikigusa barabara za kata, mtachangia wote. Ikigusa uamuzi wa serikali kuu, utaona upande wa wakurugenzi kalamu zinaanguka chini ya meza na watu wanainama kuzitafuta. Usiwalaumu. Mwenye akili humfuata mkurugenzi wake siku mbili kabla, akamwomba takwimu, kisha hoja akaisema yeye. Mkurugenzi amesaidia bila kufungua mdomo.

Na kikao chenyewe kina nguvu gani? Kutoa amri, hakuna. Hakina fungu la maendeleo, hakitungi sheria ndogo, hakimwajibishi mtumishi. Kinatoa maazimio, ambayo yanapelekwa TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, au kwa wizara nyingine, au kwa wabunge. Baada ya hapo mnaomba. Mnaombea wapi na mnaomba na nini mkononi, kazi yote iko hapo.

Malalamiko hayajawahi kukosekana. Kodi ya majengo ilitoka kwa halmashauri ikahamia TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016, na kuanzia 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Barabara za wilaya na mijini zilikwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019. Mwananchi hajui mgawanyo huo. Daraja likisombwa anakuja kwa diwani wake, na diwani anakuja kwako. Basi kila mwenyekiti anafika kikaoni na kifua kimejaa, na kikao kisipoangaliwa kinageuka matanga: kila mmoja analia kwa zamu, kisha chakula.

Siku moja mjadala ulikuwa ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ulikuwa umeshushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo wa mazao usiozidi tani moja ukaondolewa ushuru. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya kweli, sitaki kujifanya sioni. Kwa halmashauri ya vijijini inayoishi kwa mahindi, ilikuwa kukatwa mguu. Tukasimama mmoja baada ya mwingine, "Mheshimiwa Mwenyekiti, hali ni mbaya," nami nikiwemo. Kisha akasimama mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa wilaya ya mpakani, akafungua daftari la mistari. Alikuwa amekaa na wahasibu wake, akanakili makusanyo ya vizuizi vitatu vya mazao, mwezi kwa mwezi, mwaka wa kabla na mwaka wa baada. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika zahanati ambazo ujenzi wake ulisimama kwenye lenta. Hakupaza sauti. Alisoma tu, akakaa.

Taarifa iliyopanda kwenda juu ilibeba daftari lile. Hotuba zetu zilibaki mstari mmoja: "Wajumbe walichangia kwa kina."

Tangu siku hiyo niliacha kugombania kuchangia, nikaanza kugombania kamati ndogo ya kuandika maazimio. Watu huikwepa kwa sababu hukaa jioni, wenzao wakiwa wameenda kupumzika, na hakuna kamera. Lakini humo ndimo azimio linapopewa uhai au linapozikwa. Tulibishana karibu saa nzima juu ya maneno mawili. Rasimu ilisema, "Mkutano unaiomba Serikali iangalie uwezekano wa kuongeza fedha za barabara." Ofisa mmoja aliyapenda mno maneno "iangalie uwezekano". Mimi nikasema uwezekano ukishaangaliwa, azimio limetekelezwa. Mtu ameangalia, hakuuona, kwaheri. Tukaandika badala yake ni ofisi ipi inaombwa, ilete nini, na kabla ya kikao kipi. Ukiingia humo, tafuta "iangalie uwezekano", "iharakishe mchakato" na "ione umuhimu". Yafute yote matatu.

Sasa aibu yangu. Kwenye kikao kimoja lilikuja pendekezo la kupandisha ada ya mwaka ya wanachama. Sababu zilikuwa nzuri, nikanyoosha mkono na wengi. Nikarudi nyumbani, nikawaambia madiwani kama habari njema. Mzee mmoja, diwani wa vipindi vinne, akasimama taratibu akishikilia kiti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanangu, sisi tulikutuma lini?" Sikuwa na jibu. Fedha ile ilikuwa itoke kwenye mapato ya ndani, yale yale ambayo asubuhi hiyo nilikuwa nimewakatalia madawati. Baraza likagoma kuiingiza kwenye bajeti mpaka nilipolileta suala upya, kwa karatasi, na kulitetea tangu mwanzo. Sikosi usingizi tena kwa ajili ya kura ile, lakini tangu hapo kabrasha likifika naligawa kwenye Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango kwanza, na ninaondoka na msimamo ulioandikwa. Likizuka jambo jipya ukumbini, nasema wazi kwamba hapa nazungumza kwa niaba yangu, halmashauri yangu haijaliona. Wengine walinikebehi kuwa mwoga. Sawa.

Posho nitaipitia haraka kwa sababu watu hupenda kuisemea zaidi ya ilivyo. Zipo, haziwatajirishi, na safari yako inalipwa na halmashauri yako. Kinachokera ni mjumbe anayesaini karatasi ya mahudhurio, akaonekana tena siku ya kufunga, wakati ajenda nzito inajadiliwa na akidi ya kuhesabu kwa vidole.

Nirudi kwa yatokanayo. Kila kikao kinaanza na jedwali lile lenye safu tatu: azimio, mhusika, utekelezaji. Safu ya tatu ndiyo ya kusoma. Nilikuta azimio moja lililoandikwa "linaendelea kufuatiliwa" kwenye mihtasari minne mfululizo, maneno yale yale, hata kosa la tahajia lilikuwa lile lile. Nikauliza nani anafuatilia, na mara ya mwisho alimpigia nani simu. Ukumbi ukanyamaza. Katibu akapekua jalada, akakuta barua ya azimio hilo ipo, imesainiwa, imegongwa mhuri, haijawahi kutumwa.

Ilitumwa alasiri ile ile. Jibu lilichukua miezi mitatu, na lilikuwa hapana, lakini hapana yenye sababu, ambayo kikao kilichofuata kiliweza kuijibu.