Nyimbo Zilizofutwa: Acha Kutafuta Programu ya Sita

“Programu gani ni nzuri ya kurudisha nyimbo nilizofuta?” Anayeuliza huwa tayari amepakua tano, amezisakinisha kwenye diski ileile ilimokuwa miziki, na sasa anaomba ya sita. Kila aliyoiweka humo imekalia nafasi, na huenda nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa na nyimbo zake. Programu hizi husoma alama zilezile kwa njia zinazokaribiana. Kinachoamua ni kile kilichoandikwa kwenye kifaa tangu ulipofuta.

Ukifuta wimbo kwenye kadi ya memori yenye FAT32 (mfumo wa kupanga faili), sauti yenyewe haiguswi. Baiti ya kwanza ya jina hugeuzwa kuwa E5 (alama ya kufutwa), na kwenye jedwali la mfumo, mnyororo wa klasta, yaani vijisehemu vya kadi vinavyobeba faili, hufanywa sifuri. Ukubwa wa faili na mahali ilipoanzia kwa kawaida hubaki. Programu huenda kwenye klasta ya kwanza, ikasoma mfululizo hadi ukubwa utimie. Kama wimbo ulilala mahali pamoja, unarudi mzima. Kama uliandikwa vipandevipande kwa sababu kadi ilikaribia kujaa, mnyororo uliokuwa ukiunganisha vipande haupo tena, na programu inakisia tu. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ina nafuu, kwa sababu rekodi ya faili iliyofutwa mara nyingi bado inaonyesha vipande vilipo, hadi rekodi hiyo ipewe faili jingine.

Sasa lile linaloniudhi hasa: orodha yenye rangi ya kijani. Programu inaonyesha nyimbo 800, majina sahihi, ukubwa sahihi, na neno “nzuri sana” pembeni. Watu wanashangilia, wanafomati kadi, wanaanza kuijaza upya. Jina na ukubwa vimetoka kwenye folda; havisemi lolote kuhusu sauti. “Nzuri sana” mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna faili lililopo sasa linalokalia klasta hizo. Kama baada ya kufuta uliweka video humo, kisha ukaifuta nayo, klasta zinaonekana huru ilhali ndani mna video. Rangi ni ya kijani, wimbo haupo.

Na MP3 inadanganya kuliko aina nyingine. Imeundwa kwa fremu fupi: kwa 128 kb/s na 44.1 kHz, kila fremu ni baiti 417 au 418, takriban milisekunde 26 za sauti. Kichezeshi kikikuta takataka, huruka hadi fremu nyingine inayosomeka na kuendelea. Kwa hiyo faili linaweza kuanza na wimbo wako, likapasuka kidogo, likamalizia na wimbo wa mtu mwingine, bila onyo lolote. Hata ukilipitisha kwenye ffmpeg (programu ya kuchakata sauti na video) kutafuta makosa, mahali nyimbo hizo mbili zilipoungana panaweza kupita kimyakimya. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. FLAC ni ya kuaminika zaidi: kwa kawaida hubeba MD5 (namba ya uhakiki) ya sauti yake, na amri ya flac -t itakuambia kama imetimia. M4A ikikosa sehemu iitwayo moov, yaani faharasa yake, haichezi kabisa, hata kama sauti yote ipo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kwanza angalia pipa la takataka. Kwenye Android 11 na kuendelea, baadhi ya programu hubadili tu jina la faili likaanza na .trashed- na kuliacha kwa siku 30. Washa uonyeshaji wa faili zilizofichwa. Kama halipo, toa kadi kwenye simu. Kompyuta ikiomba kuikagua na kuirekebisha, kataa. Kwa programu ya ddrescue kwenye Linux, tengeneza nakala ya kadi nzima kwenye diski nyingine, ukiweka jina la kadi yenyewe mahali pa sdX:

ddrescue -d -r3 /dev/sdX kadi.img kadi.map

Kadi ya GB 64 inahitaji nafasi ya GB 64, pamoja na nafasi ya yatakayotoka. Kuanzia hapo fanya kazi na kadi.img tu. Anza na TestDisk, ambayo hurudisha majina. Isipofanikiwa, tumia PhotoRec, ambayo haitazami folda bali hutafuta alama za mwanzo wa faili: ID3 kwa MP3 nyingi, fLaC kwa FLAC, RIFF kwa WAV. Majina yatapotea, utapata f0123456.mp3 na wenzake. Mp3tag au Kid3 itayarudisha kutoka kwenye tagi.

Diski ya SSD ni habari nyingine. Ikishatekeleza TRIM (amri ya kuiambia diski kwamba nafasi ya faili lililofutwa haihitajiki tena), ukisoma klasta hizo kwa kawaida unapata sifuri, na hakuna programu ya kuzigeuza kuwa muziki. Memori ya ndani ya simu mpya imesimbwa pia, kwa hiyo hata ukiing’oa chipu huna unachokisoma. Kadi za memori ndizo zenye utata wa kweli: baadhi hupokea amri ya kutupa data kutoka kwenye simu, nyingine hazipokei, na kwa nje zinafanana. Anayekuahidi matokeo kabla ya kusoma kadi anabahatisha. Fungua kadi.img kwa kisomaji cha heksa (programu inayoonyesha baiti za faili moja moja): ukiona sifuri tupu kwenye maeneo yaliyokuwa na nyimbo, usilipie programu yoyote.