Nostaljia kwenye Muendelezo wa Picha: Maana Yake na Namna ya Kuipima

Nostaljia ni hamu ya zamani yenye utamu na uchungu kwa pamoja. Neno hili lilitungwa mwaka 1688 na daktari wa Uswisi, Johannes Hofer, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Yeye aliihesabu kuwa ugonjwa wa watu waliokaa mbali na kwao. Kiswahili kina neno la jirani, zilipendwa, ingawa tumeliachia muziki. Wimbo wa zilipendwa ukipigwa husikii sauti na gitaa tu, unasikia na enzi yake.

Kwenye picha za hadithi za kisayansi, neno hili hutajwa sana pale mfululizo uliolala miaka mingi unapoamshwa. Ubishi wake unafahamika katika kila kibanda umiza, iwe Mtwara mjini au Lindi. Mmoja analalamika kwamba wametuletea ile ile. Mwenzake anamjibu: ulitaka walete nini, stelingi mwingine tusiyemjua? Wanaweza kubishana hadi usiku kwa sababu wanachanganya mambo mawili: kitu cha zamani kilichorudishwa, na kazi ambayo kitu hicho kinafanya ndani ya hadithi. Hilo la pili ndilo la kupima.

Chukua mfululizo wa Jurassic, ambao kusini una uzito wa pekee kwa sababu nitakayoitaja. Jurassic Park ya Steven Spielberg, kuhusu bustani ya kisiwani yenye dinosaria waliofufuliwa, ilitoka 1993. Zikafuata mbili, 1997 na 2001, kisha kimya cha miaka 14 hadi Jurassic World ya 2015.

Angalia jinsi Brachiosaurus, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, alivyoingizwa mwaka 1993. Gari linasimama. Stelingi Grant, mtaalamu wa dinosaria, anavua kofia, anavua miwani, na sisi bado tunaona uso wake tu. Mwenzake Ellie ameinamia jani analolichunguza, hana habari. Grant anamshika kichwa na kukigeuza. Ndipo tunaonyeshwa mnyama, na baada ya muda anainuka kwa miguu ya nyuma kuyafikia majani ya juu. Picha nzima ina dinosaria kwa kama robo saa tu. Mshangao ulijengwa kwa kusubirishwa, na hapo ndipo penye ugumu kwa kila muendelezo, maana mtu hawezi kumuona mnyama yule kwa mara ya kwanza mara mbili.

Mwaka 2018, katika Jurassic World: Fallen Kingdom, mwongozaji J.A. Bayona alilijua hilo. Volkano inaangamiza kisiwa, meli inaondoka, na Brachiosaurus anafika mwisho wa gati akiwa amechelewa. Analia. Moshi unamfunika hadi linabaki umbo lake tu, na umbo hilo linainuka kwa miguu ya nyuma, vilevile kama 1993, kabla ya kuanguka. Asiyeiona ya kwanza anaelewa kila kitu: kiumbe ameachwa na meli imeondoka. Aliyeiona anapata ghorofa ya pili juu ya nyumba ile ile. Hii ndiyo nostaljia iliyoshiba, na kwangu ndiyo dakika bora ya mfululizo mzima baada ya 1993.

Ile ya 2015 inafaulu kwa kiasi. Vijana wawili wanaikuta karakana ya bustani ya zamani, wanafufua gari namba 29 na kulitumia kurudi salama. Liondoe gari hilo, itabidi hadithi iwatafutie njia nyingine. Kwa hiyo lina kazi. Pia picha yenyewe inaeleza kwamba watazamaji wamewazoea dinosaria, ndiyo maana wenye bustani wakamtengeneza maabara dinosaria mpya, Indominus rex. T. rex wa zamani anapoletwa kupambana naye, kuna hoja inayopiganiwa pale, si shangwe peke yake.

Jurassic World Dominion ya 2022 ndiyo iliyoteleza. Imewarudisha mastelingi watatu wa kwanza, ikawapa kisa chao cha nzige, huku mastelingi wapya wakimtafuta binti yao upande mwingine. Makundi hayo yanakutana kwa kuchelewa, na kila moja limenyimwa muda wa kutosha. Kosa kubwa zaidi halisemwi sana: ile ya 2018 iliisha dinosaria wakiwa wametoka kwenda kuishi kati ya watu, jambo jipya kabisa, lakini 2022 sehemu kubwa ya hadithi ikarudishwa ndani ya bonde linalomilikiwa na kampuni. Hamu ya bustani ya kale ililila wazo jipya kabla halijakua.

Kipimo cha haraka ni mtafsiri wa picha, yule DJ anayetuwekea Kiswahili. Akilazimika kuiacha hadithi ili aeleze "huyu ndiye yule wa ile ya kwanza" na bila maelezo hayo tukio halina maana, basi ni pambo. Akiweza kuendelea kusimulia, na aliyeiona ya kwanza akashtuka peke yake pale kwenye benchi, kitu cha zamani kimefanya kazi.

Sasa ule uzito wa kusini. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi, kwa jasho la mamia ya wenyeji. Wachukuzi waliibeba kwa miguu, safari ya siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimama makumbusho ya Berlin tangu 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Wataalamu wengi sasa humwita Giraffatitan, lakini kwa miaka mingi ndiye aliyeipa dunia sura ya Brachiosaurus. Kwenye gati la 2018 meli inaondoka na mnyama anabaki. Lindi mnyama aliondoka na meli.

Anayetaka kubishana vizuri aitazame ya 1993, kisha 2015, 2018 na 2022 kwa mfuatano huo. Zile za 1997 na 2001 zinaweza kusubiri.