Funda moja la maji ya bahari halikati kiu

Filamu za wavuvi waliopotelea baharini huwa na tukio hili: injini imezima, dumu limekauka, mmoja anachota maji ya bahari kwa kiganja, anapiga mafunda mawili na kupumua kwa nafuu. Mtazamaji anabaki akiamini kwamba kidogo hakidhuru.

Kinadhuru. Lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Ili kuitoa chumvi ya glasi moja, mwili unachota maji yake wenyewe. Unakunywa glasi, unakojoa zaidi ya glasi. Kiu inapanda, kisha akili inavurugika. (Hapo waigizaji huwa hawakosei: mtu anaanza kuona nchi kavu isiyokuwepo.)

Samaki mbichi naye si dawa kamili. Ana majimaji, lakini kutoa taka za protini yake nako kunataka maji.

Kinachookoa hasa ni mvua. Turubai linatandazwa, matone ya kwanza yanaachwa yalioshe chumvi, yanayofuata ndiyo yanayokingwa.