Kumbukumbu ya pamoja kati ya michakato

Chukua programu ya kukagua tahajia yenye kamusi ya megabaiti 500, inayoendeshwa na michakato minane (nakala nane za programu zinazotembea kwa wakati mmoja) kwenye kompyuta moja. Kila mchakato ukisoma faili kivyake, kamusi ileile inakaa mara nane. Gigabaiti 4 za RAM zimekwenda, na hakuna hata neno moja lililobadilishwa.

Kumbukumbu ya pamoja ni eneo la RAM linaloonekana na zaidi ya mchakato mmoja. Kwa kawaida mfumo endeshi huitenga michakato: kila mmoja una anwani zake, na jedwali maalumu huelekeza kila ukurasa wa anwani hizo, mara nyingi baiti 4096, kwenye ukurasa wa RAM halisi. Kushiriki ni kuyafanya majedwali mawili yaelekeze ukurasa mmoja. Hakuna kinachonakiliwa.

Wengi hukwama kwenye neno static la lugha ya C, wakidhani hufanya data iwe ya pamoja. Kigeu cha static hudumu maisha yote ya mchakato wake, lakini mchakato wa jirani haukioni kamwe.

Kwa data isiyobadilika, mimi huanza na mmap: faili inaunganishwa na anwani za mchakato, kwa kusoma tu. Mfumo huziweka kurasa za faili kwenye RAM mara moja, na kila anayekuja anapewa zilezile. Ukurasa hupakiwa pale unapoguswa. Kwa kuwa hakuna anayeandika, kufuli za kuzuia michakato isigongane hazihitajiki. Ila usihifadhi vielekezi (anwani za data nyingine) humo ndani, maana eneo hilo laweza kuangukia anwani tofauti katika kila mchakato. Hifadhi umbali kutoka mwanzo wa eneo.

Njia ya pili ni fork. Mchakato mzazi unapakia data, kisha unazaa michakato watoto inayorithi kurasa zake. Ukurasa hunakiliwa pale tu mmoja wao unapouandika. Ni njia nzuri, lakini Python ya kawaida huitia doa. Kila kitu ndani yake hubeba hesabu ya marejeleo (idadi ya sehemu zinazokitumia), hivyo hata kusoma neno moja la kamusi hubadilisha hesabu hiyo, na ukurasa mzima unanakiliwa. Utaona kumbukumbu ikipanda taratibu, huku msimbo wako hauandiki chochote. Dawa ni kuweka data kama baiti ghafi. Tangu toleo la 3.8 ipo moduli ya shared_memory kwa kazi hiyo.

Siku kamusi ikibadilika, usiihariri faili iliyo wazi. Andika mpya kando, kisha ibadilishe jina ichukue nafasi ya zamani. Walioshika ya zamani wataendelea kuisoma salama mpaka waifungue upya.

Unapopima kwenye Linux, usijumlishe RSS (kipimo cha RAM ambayo mchakato umeishika), maana ukurasa wa pamoja huhesabiwa kwa kila mchakato. Tazama PSS kwenye faili ya smaps ya kila mchakato; kipimo hicho huugawa ukurasa kwa idadi ya wanaoutumia. Hapo kamusi iliyopakiwa yote na michakato yote minane itaonekana kama megabaiti 62.5 kwa kila mmoja.